Tupeane uzoefu: siku sufuria ilipokuumbua

Mama Pacha Bombolulu
Hodi humu ndani. Jamani leo nimetia chumvi mbaazi mara mbili. Nilitia mwenyewe, nikatoka mbio kuanua nguo maana wingu lishakuja, kumbe binti yangu mkubwa kapita jikoni kaona sufuria kaamua kunisaidia. Nimeonja saa hii ulimi umekufa ganzi. Mahamri yashatoka kwa mafuta, watu washakaa mkekani wananitizama. Ndo nimekumbuka mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, kila wiki sufuria ilikuwa na langu. Haya tupeane uzoefu, siku gani jiko lilikuumbua na ulijiokoa vipi na hivyo hivyo vilivyokuwa ndani ya nyumba. Na mwenye dawa ya chumvi aseme upesi!!

bi_ukwaju
Tia kiazi kimoja kizima, kitavuta chumvi.

Fundi Majiko
Kiazi hakivuti chumvi peke yake dada, kinavuta mchuzi pamoja na chumvi yake. Utabaki na mbaazi za chumvi na kiazi cha chumvi. Ongeza kitu kisicho chumvi, tui ama mbaazi nyengine, basi.

Mama Pacha Bombolulu
Tui limekwisha na nazi hapa dukani hamsini.

bi_ukwaju
Mimi miaka ishirini natumia kiazi. Ishirini.

Fundi Majiko
Miaka ishirini unakula chumvi.

Bachela wa Magongo
Mumenikumbusha mbali. Mimi ni mtu wa bara, nimekuja Mombasa kutafuta kazi, chumba kimoja kwa ploti ya vyumba sita, choo cha pamoja, jiko ni la stovu. Mwezi wa kwanza pesa imeisha tarehe kumi na tano. Nikaenda soko la Kongowea nikaona ng'onda, kipande kikubwa, bei ya chini, nikasema hii ndio nyama ya maskini. Sikuuliza mtu. Nimerudi nimekatakata nimetia mafuta nimetia kitunguu nimetupa ndani hivyo hivyo ikiwa kavu na chumvi yake yote na mchanga wake. Wenzangu, hiyo harufu haikutoka kwa dirisha, ilipita chini ya mlango ikaenda kubisha chumba kwa chumba. Landlady akatoka na ufagio anauliza panya amefia wapi. Mtoto wa jirani analia. Na mimi nimejifungia ndani nafanya kama sipo, na mafuta yanalia chwaaa.

Aliyeniokoa ni mama wa chumba cha pili. Hakubisha, aliingia tu, akachukua sufuria akaangalia, akaniangalia mimi, akasema "mwanangu, huyu hajaoga." Akamtoa mle. Akamloweka maji moto, akamsugua mpaka ngozi na mchanga ukatoka, akamchemsha mara moja akamwaga yale maji, ndo sasa kitunguu, nyanya, thomu, pilipili mbichi mbili, bilingani moja lililokuwa linaninyaukia, ukwaju wa kukamua na tui mwisho kabisa. Nimekula na ugali mpaka nikalamba mwiko. Kutoka siku hiyo hata nikienda nyumbani bara nabeba moja, naifunga kwa gazeti mara tatu tatu.

Baharia Mstaafu
Hiyo uliyokula si ng'onda, ni papa. Ng'onda ni samaki yeyote aliyepasuliwa akatiwa chumvi akaanikwa. Mukija pwani mujifunze majina.

Bachela wa Magongo
Mzee, aliyeniuzia aliita ng'onda.

Baharia Mstaafu
Aliyekuuzia alikuona mgeni.

chumba_cha_tano
Papa kwa ploti haina siri. Ukipika kula na wenzako.

Sukuma na Nazi
Swali la mtu wa bara mwengine: kwani lazima kila kitu nazi? Wali nazi, maharagwe nazi, mchicha nazi, samaki nazi, hata ndizi. Ile siku nilipewa sukuma ya nazi nilifikiri mama amekosea. Sasa miaka sita ndio napika na jina nimejipa lenyewe, sisemi zaidi.

Shangazi Tudor
Karibu sana mwanangu, ushakuwa wetu. Kuumbuka ni tui likatike mbele ya mavyaa, mama wa mume, hayo mengine ni mchezo.

Kisebusebu
Shangazi umenitonesha. Mimi ni wa kusoma tu humu, lakini leo acha niseme.

Mei 2020. Ramadhani, korona, kafyu saa moja usiku. Mimi naishi Bamburi, ndoa haijafika mwaka. Nimekwenda Mji wa Kale kwa mavyaa kumpelekea tende na kuchukua cherehani yangu iliyokuwa huko, nikasema alasiri natoka. Wifi akaniambia tusaidie kukanda unga wa kaimati kwanza. Simu iko chaji chumbani. Mimi nakanda, kumbe tangazo lishatoka, kuanzia saa moja Mji wa Kale umefungwa, haingii mtu hatoki mtu, siku 15. Naja kushika simu mume kashapiga mara kumi na moja. Nikapokea akawa anacheka. Kisha akaacha kucheka.

Nna dera moja na mkoba. Na zile siku 15 muliokuwako mwakumbuka, ziliongezwa. Idi imenikuta kule kule, nimetoka Juni.

Sasa mavyaa wangu si mkali, wallahi angekuwa mkali ningejua pa kumshika. Ni mtu hasemi. Anakutizama unavyokata kitunguu, kisha anatizama dirisha. Na mimi nimelelewa na blenda na tui la paketi, kwao mle kuna mbuzi ya kukunia, kifumbu cha kuchujia tui, na jiko la makaa. Siku ya kwanza nimekuna nazi na vidole vyangu pamoja. Tui la kwanza nikalichanganya na la pili kwa bakuli moja, wifi akafunga mdomo na leso asicheke.

Siku ya nne nikapewa muhogo wa nazi, futari ya watu tisa, peke yangu. Nikasema leo ntaonyesha. Muhogo umeiva vizuri, nikatia tui zito, nikakamua ndimu juu yake huku linatokota, nikapuliza makaa yawake maana adhana imekaribia, simu ikalia nikaenda kupokea. Kurudi tui limekatika. Si kidogo. Mafuta juu yanaelea, chini maji ya rangi ya maji ya kufulia, na vijipande vyeupe vinazunguka kama sabuni. Nazi nyengine hamna. Robo saa kabla ya magharibi. Nikakaa chini juu ya ile mbuzi nikalia kimya kimya, funga yenyewe sijui kama ilibaki.

Mavyaa akaingia. Akatizama sufuria. Akatizama dirisha. Nikasema yarabi leo anaongea. Hakuongea. Akashusha sufuria, akatoa na upawa vipande viwili vya muhogo vilivyoiva sana, akavitia kwenye kinu na maji kidogo akavitwanga mpaka ukawa kama uji, akarudisha ndani huku akikoroga pole pole, moto kaupunguza ukabaki makaa matatu. Wallahi lile tui likashikana. Likawa zito lenye kung'aa. Akakatia kitunguu kibichi na pilipili juu, akafunika na kawa, akatoka.

Tumefuturu, baba mkwe akaonja, akasema leo muhogo umeshika, nani kapika? Mimi nishainamisha kichwa. Mavyaa akamwambia, "Mke wa mwanao." Akaendelea kula.

Mama Pacha Bombolulu
😭😭😭

Shangazi Tudor
Allah amzidishie. Hao ndio mama. Na somo lipo hapo, ndimu haitiwi tui likiwa linatokota, unashusha kwanza.

bi_ukwaju
Na kukoroga upande mmoja tu. Ukigeuza mkono linakatika.

Fundi Majiko
Upande hauna neno lolote, ni moto mkali na kuacha kukoroga. Koroga utakavyo.

bi_ukwaju
Wewe leo umeamka na mimi.

Baharia Mstaafu
Mimi nauliza la maana. Huyo mume mwezi mzima Bamburi peke yake. Una hakika?

Kisebusebu
Astaghfirullah, baba. Alikuwa na nduguye, walikuwa wanakula mayai na mkate mpaka muuza duka akawauliza kama wanafuga kuku ama wanawala.

Baharia Mstaafu
Nauliza tu. Nimesafiri mimi.

chumba_cha_tano
Mzee amesafiri jamani, amejua 😂

Shangazi Tudor
Ewe Baharia, mtu katuliza machozi yetu wewe unaleta fitina. Funga muogope Mungu.

Baharia Mstaafu
Si Ramadhani sasa.

Sukuma na Nazi
Na cherehani ilitoka?

Kisebusebu
Ilibaki. Ipo kule mpaka leo, mavyaa anashonea. Siidai.

Mke wa Mtu Likoni
Mimi langu dogo. Wali wa nazi kwa gesi, chini umeungua juu mbichi, na wageni wamevuka feri wamefika. Mama alikuwa anapalia makaa juu ya kifuniko, kwa gesi utapalia nini? Sasa hivi maji yakikauka naweka tava ya chapati chini ya sufuria, moto wa mwisho kabisa, nafunika na sahani nzito. Hauungui.

Fundi Majiko
Hiyo ni akili.

bi_ukwaju
Mwenzio akisema ni akili.

Bachela wa Magongo
Kwa stovu tava inafanya?

Mke wa Mtu Likoni
Inafanya, lakini punguza utambi, na usitoke ukaenda kuangalia mpira.

Mama Pacha Bombolulu
Mimi nyinyi mumenisahau na mbaazi zangu nimekaa hapa nasoma hadithi ya watu mume wangu ananiita mara ya tatu.

chumba_cha_tano
Tia sukari.

Shangazi Tudor
Usitie sukari! Kwani unapika mahamri?

Sukuma na Nazi
Wape chai kwanza, tena nyingi. Mtu akishiba chai hahisi chumvi.

Baharia Mstaafu
Wapikie nyengine, hizo watupie kuku.

Fundi Majiko
Mama Pacha, ulizochemsha ulizitia chumvi zikiwa ngumu ama zimeiva? 

Mama Pacha Bombolulu
Haya nimerudi. Jirani wa ng'ambo ya ukuta alikuwa amechemsha zake za kesho, hazijatiwa chochote. Akanimiminia bakuli zima, nikachanganya, nikaongeza pilipili na kile kitui kilichobaki kwenye kifumbu nilichokisuuza. Wamekula. Mzee kasema zina chumvi kidogo, kisha akaomba za pili. Nadaiwa bakuli la mbaazi na mahamri manne. Fundi ulisema kweli.

bi_ukwaju
Na kiazi ulitia?

Mama Pacha Bombolulu
Nilitia.

bi_ukwaju
Basi.