Mnazi Mmoja Lindi: tenka la petroli limelala jirani na majiko ya mama lishe, tukiuliza tunajibiwa "halina kitu"

Wakuu, niko hapa Mnazi Mmoja, njia panda ya Masasi. Leo nina hasira, mnivumilie.

Jana usiku tenka limeegeshwa nyuma ya vibanda, hatua chache tu kutoka kwa mama lishe. Utingo kawasha jiko la mkaa chini ya tela, anakaanga samaki. Chini ya tela! Nikamfuata dereva: kaka, bango lako hilo la rangi ya chungwa lina 33 juu na 1203 chini, hiyo ni petroli. Akacheka. "Tulia mzee, limetoka kushusha Songea. Halina kitu."

Halina kitu? Petroli ikishashushwa mvuke unabaki, na mvuke ukichanganyika na hewa ndio unaolipuka. Tena ni mzito kuliko hewa, haupandi juu, unatambaa ardhini kutafuta moto. Waulizeni mafundi wa kuchomelea kama kuna anayegusa tenki "tupu" kabla halijaoshwa. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, walikufa watu zaidi ya 100 kwa tenka moja, na sisi tunakaangia samaki chini yake.

Asubuhi nikawapigia wenye gari. Jibu: barabara ni hiyo hiyo moja, wakizunguka gharama zinapanda. Nani kawaambia wazunguke? Hata barabara nyingine, ile ya kupitia Newala, ikikamilika kuwekwa lami siitaki kwa mizigo hii. Kilomita zinakaribiana, kuna miteremko ya kushuka uwanda wa Makonde, na kule ndoo ya maji ya kunywa yenyewe ni shida, sembuse ya kupambana na ajali. Wabaki huku huku. Ninachogombea mimi ni saa ya kupita na mahali pa kulala. Gari linalopita hapa saa tisa usiku bila kusimama si sawa na linaloingia saa moja jioni, mabasi yameshusha abiria, bodaboda zimejaa na kila jiko linawaka.

Dereva simlaumu sana. Porini kuna wezi wa mafuta na betri, naye posho anayopewa haitoshi hata kulipia uwanja wenye uzio. Aliyepanga safari yuko ofisini, kapiga hesabu ya dizeli na matairi. Sisi wa njia panda hatumo kwenye hesabu hiyo. Akiunguza gari, mzigo na vibanda vyetu, ndiyo atajua kama ada ya maegesho ya usiku mmoja ilikuwa ghali.

Nimekwenda ofisi ya kwanza, wakanipeleka ya pili. Ya pili wamenirudisha ya kwanza.

Na sasa hivi ninavyoandika limeingia jingine. Hili limejaa, linaelekea Masasi, limesimama pale pale, dereva anakula wali kwa mama yule yule. Picha ninazo. Mwenye kujua mlango sahihi wa kupeleka aniambie, nakwenda leo leo.