Kurekodi sauti za perege katika Bwawa la Mtera: haidrofoni iwekwe wapi?

Mwanafunzi, Dodoma
Habari zenu. Ninaandaa utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu Bwawa la Mtera, na ningependa kutumia haidrofoni, yaani maikrofoni ya majini, ili nijue perege wanazaliana wapi pasipo kuwavua. Maandiko mengi niliyosoma yanahusu bahari. Je, njia hii inafaa kwenye maji ya tope yenye kina kifupi?

Msikilizaji wa Maji
Inafaa, kwa sababu mahali ambapo kamera haioni kitu sauti bado hupita. Hata hivyo, usizichukue kanuni za bahari kama zilivyo. Sauti husafiri majini kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde, hivyo wimbi la hezi 150, yaani mitetemo 150 kwa sekunde, lina urefu wa mita 10, na wimbi refu kiasi hicho halienei vizuri pale ambapo kina ni mita moja au mbili. Perege dume anapomtongoza jike kwenye kiota hutoa mvumo wa masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) hayo ya chini, ambao hufifia upesi. Kwa hiyo kiweke kifaa jirani kabisa na viota, na ukimya katika rekodi usiuhesabu kuwa ushahidi kwamba samaki hawapo.

Mvuvi wa Mtera
Mwanangu, kumbuka pia kwamba ngogo hulia, na mlio wake tunausikia hata tukimtoa kwenye wavu.

Msikilizaji wa Maji
Mzee wangu amegusa jambo zito. Ngogo husugua shina la mwiba wa pezi la kifuani ndani ya tundu lake, na mkwaruzo huo una masafa mapana kuliko mvumo wa perege. Mrekodi kwanza kila samaki peke yake kizimbani, la sivyo utarudi na saa nyingi za sauti usizojua ni za nani. Kaa mbali na mitambo ya umeme vilevile: umeme wetu ni wa hezi 50, na mvumo wake hujirudia kwenye 100 na 150, palepale unapomtafuta perege.

Mwanafunzi, Dodoma
Nashukuru sana, nitaanza na vizimba. Shikamoo mzee, viota vyenyewe nitavitambuaje?

Mvuvi wa Mtera
Marahaba. Maji yakipungua, tembea kandokando ya bwawa utazame mashimo ya mviringo yaliyochimbwa chini. Uliza wavuvi wa upande huo kabla hujatumbukiza kifaa, maana nyavu hutegwa usiku na kamba yako itanaswa.