Mbwa wa miguu mifupi masikio marefu: asili Ufaransa au Uingereza?

boda_wa_ntinda: Habari zenu wadau. Kuna mama mmoja huku Ntinda anafuga mbwa mrefu wa mwili lakini miguu mifupi kabisa, akinywa maji masikio yote yanaloa ndani ya bakuli. Askari wa geti anasema ni baseti, mbegu ya Waingereza, mwingine anabisha eti ni ya Wafaransa. Nani anaijua historia yake? Na hiyo miguu ni ugonjwa ama?

mzee_wa_Arua: Kijana, asili ni Ufaransa kabisa. Tangu miaka ya 1500 wawindaji wa kule wanaandika kuhusu baseti, walikuwa wanazituma mashimoni kumtoa mbweha. Ila zilisambaa kweli baada ya mapinduzi yao, maana kabla ya hapo uwindaji ulikuwa haki ya makabaila, wao na farasi wao na mbwa warefu wenye mbio, haki hiyo ikafutwa Agosti 1789 na mkulima naye akashika bunduki, sasa farasi hana, atamfuatia mbwa wa mbio kwa miguu gani? Anataka mbwa wa polepole mwenye pua kali. Ndiyo maana kila jimbo likawa na baseti yake iliyotokana na mbwa wakubwa wa palepale: Gascogne ya rangi ya samawati yenye madoa, Bretagne ile nyekundu ya ngano, Vendée yenye nywele ngumu za timtim zinazohimili miiba, na ile ya Artois na Normandie. Hata mfalme Napoleon III alizipenda, mwaka 1853 mchongaji Frémiet alionyesha Paris sanamu za shaba za mbwa wa mfalme huyo.

Waingereza walikuja baadaye. Mwaka 1874 mfugaji wao Everett Millais alinunua Paris dume anaitwa Model akampeleka kwao, halafu miaka ya 1890 akachanganya na bloodhound, mbwa mkubwa wa kunusa, kwa sababu damu ilikuwa imekaribiana mno. Ndiyo maana baseti ya Waingereza ni nzito, ngozi imekunjamana, wakati zile za Ufaransa nyingi bado nyepesi. Huyo wa Ntinda kwa masikio hayo naona ni wa Kiingereza, lakini babu zake Wafaransa.

daktari_wa_ngombe: Nyongeza kwa mzee. Miguu si ugonjwa wa kuambukizwa wala utapiamlo. Mwaka 2009 watafiti waligundua mbegu nyingi za miguu mifupi, baseti, dachshund, corgi, zote zina nakala ya ziada ya jeni inaitwa FGF4, ndiyo inafanya mifupa ya miguu iache kurefuka mapema. Wafaransa hawakuiumba, walichagua watoto waliozaliwa nayo. Lakini ssebo mwambie huyo mama asimnenepeshe, mgongo mrefu hivyo ukibeba mafuta unaumia, na masikio ayafungue ayakaushe, yanaoza ndani kwa joto na unyevu.

mwana_Bunyoro: Mbwa wa babu yangu walivaa kengele shingoni ili wasimpotee porini, wale hawabweki sana. Baseti je?

mzee_wa_Arua: Baseti haihitaji kengele mwanangu, sauti yake nzito inasikika mbali, mwindaji anajua sungura anaelekea wapi hata kama hamwoni mbwa.

boda_wa_ntinda: Asante sana wazee. Na nimeona Vendée wako wawili, mkubwa na mdogo, ni mbegu mbili?

mzee_wa_Arua: Sasa hivi mbili, ndiyo. Zamani walizaliwa tumbo moja, wakubwa na wadogo pamoja, karne iliyopita ndiyo wakatenganishwa na kukatazwa kupandishana.