Bata na sakitu ya Makete

Swali: Ndugu wafugaji, huku Makete sakitu ya Juni na Julai hugandisha maji ya bata wangu. Je, niwawekee jiko la mkaa bandani usiku?

Jibu: Tafadhali usithubutu, ndugu yangu, kwa sababu hewa ya mkaa huua. Bata aliyekomaa hustahimili baridi vizuri akiwa mkavu. Kinachomdhuru ni unyevu na upepo unaompiga akiwa amelala, kwa hiyo tandika maranda makavu kwa wingi, ziba nyufa za chini, lakini uache matundu karibu na paa ili mvuke utoke.

Jibu: Naafiki kabisa. Asubuhi wape maji ya uvuguvugu yenye kina cha kuzamisha mdomo pamoja na pua, na jioni uwaongezee mahindi.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Maranda nitayafuata leo kwa wapasua mbao.