Msaada: betri zikiisha porini, mmea gani unatoa mwanga?

Mrina_Sikonge: Wakuu, habari za jioni. Narina asali na wenzangu, tunapiga kambi kwenye miombo huku Sikonge. Tochi zikizima tunabaki na moto wa kuni tu. Mwenge wa nyasi tunaofukuzia nyuki unamwaga cheche na kuisha upesi. Nataka mwanga mdogo uliotulia, wa kuchujia asali. Nitumie nini?

Babu wa Pangani: Mjukuu wangu, tafuta mbono kaburi, ule wanaopandia ua. Chuma matunda yaliyokaukia mtini, menya ganda jeusi la mbegu, utakuta kiini cheupe chenye mafuta. Vitunge viini kwenye njiti ya chelewa, ule uti wa jani la mnazi, kama mishikaki, vigusane. Chomeka njiti kwenye kopo la mchanga, washa cha juu. Kikikaribia kuisha, inamisha njiti kidogo moto ushike kinachofuata. Kimoja hakikai sana, kwa hiyo tunga vingi.

Mama Neema: Shikamoo babu. Niongezee tu kwamba mbegu hizo ni sumu, akila mtoto anatapika na kuhara vibaya. Kaka, nawa mikono kabla hujagusa ugali au hiyo asali. Na uwashie nje, moshi wake si wa kuvuta ndani ya kibanda.

Kigae: Mimi nasimama na nyonyo, yaani mbegu za mbarika, zimejaa kwenye mahame. Hii kazi uimalize nyumbani kabla ya safari: kaanga mbegu, twanga, chemsha kwa maji mengi, engua mafuta yanayoelea. Ni mazito, hayapandi utambi kama mafuta ya taa, ndiyo maana kwenye koroboi refu yanazima. Mimina kwenye kigae kipana, laza utambi mnene wa pamba, ncha yake itokeze kidogo tu ukingoni. Mashudu fukia, mbuzi wasiyaguse, yana sumu kali.

Mama Neema: Na mnyaa usijaribu kabisa, utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa.

Mrina_Sikonge: Asanteni wote, nimeelewa. Safari hii naanza na mbono, nyonyo nitaandaa baadaye. Nitafagia majani yote makavu kuzunguka kopo, maana kiangazi hiki pori linashika moto haraka. Babu, huku hatuna minazi, chelewa nitaitoa wapi?

Babu wa Pangani: Kata kijiti kibichi chembamba, kikavu kitaungua pamoja na viini. Kama una waya wa kutundikia mizinga, huo ni bora zaidi.