Kisukari na masikio: vinahusianaje?

Mkazi_wa_Kizota: Wakuu, mama ana kisukari mwaka wa 12. Anasikia mtu akiongea ila haelewi maneno, hasa akiwa soko la Majengo. Masikio yamesafishwa, hakuna nta. Inaweza kuwa sukari?

DaktariMstaafu: Inawezekana kabisa. Koklea, kile kikonokono cha sikio la ndani, hulishwa na mishipa midogo mno ya damu. Sukari ikikaa juu miaka mingi, kuta za mishipa hiyo hunenepa, oksijeni hupungua, na vinyweleo vya kunasa sauti hufa. Havioti tena. Sauti nyembamba huondoka kwanza: s, f, th. Ndiyo maana anasikia mlio, neno linampita. Umri nao huchangia, usiulaumu ugonjwa peke yake.

Nesi_Chamwino: Omba odiometri, kipimo cha usikivu kuanzia hezi 250 (sauti nene) hadi 8,000 (sauti nyembamba). Kumnong'oneza sikioni hakutoshi. Nenda na orodha ya dawa zake: sindano za gentamisini, dawa ya kuua bakteria, huweza kuua usikivu, na figo zikiwa dhaifu hatari huzidi. Muulize pia kama anayumba gizani. Sikio la ndani ndilo linaloshika mizani.

DaktariMstaafu: Naongezea. Usikivu ukipotea ghafla, yaani ndani ya siku tatu au chini ya hapo, hiyo ni dharura, msisubiri kliniki ya mwezi ujao. Kawaida hutibiwa kwa steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, nazo hupandisha sukari, kwa hiyo mpimeni kila siku.

Mkazi_wa_Kizota: Shukrani. HbA1c yake, kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu, ni asilimia 9.4.

Nesi_Chamwino: Iko juu, mkuu. Wengi hulengewa chini ya 7, ila kwa mzee daktari wake ndiye apange.