Uliwahi kupitishiwa yai mwilini kwa mganga? Tupeane uzoefu

Mpita Njia
Wakuu, leo alfajiri nikiwahi stendi nimekuta mayai matatu njia panda, yamelazwa juu ya kitambaa chekundu, na sarafu ya mia mbili pembeni. Bodaboda aliyenipakia alikata kona akapita kwenye mchicha wa watu, eti asiyasogelee. Nilicheka, kisha nikanyamaza.

Nilikuwa darasa la tatu. Nilikuwa naweweseka usiku, bibi akanipeleka kwa mzee mmoja kule Muheza. Nikavuliwa shati, nikakalishwa kwenye kigoda, chetezo cha ubani katikati ya miguu. Yai likaanzia utosini, likazunguka masikio, likashuka mgongoni hadi nyayo, mara saba. Lilikuwa la baridi. Hadi leo nikigusa yai lililotoka kwenye friji mgongo unasisimka.

Kuweweseka kuliisha. Ila usiku ule ule ndio nilianza kulala chumbani kwa bibi, kwa hiyo sijui nimshukuru nani. Wengine je?

Kisu Butu
Kwetu lilitakiwa yai la kuku mweusi ambaye hajawahi kuatamia. Kumtafuta huyo kuku ndio ugonjwa wenyewe.

Ustadhi wa Mtaa
Ushirikina mtupu. Someni Ayatul Kursi mlale.

Tunguri Kavu
Ustadhi, si wewe uliyeuliza humu nani anaandika kombe zuri?

Ustadhi wa Mtaa
Kombe ni aya zinazoandikwa kwa zafarani. Usichanganye mambo.

Tunguri Kavu
Sawa. La zafarani mnakunywa, la kuku tunapakwa.

Ukoko wa Pilau
Ngoja nitubu. Nilisoma bweni, na kati ya shule na kijiji kulikuwa na njia panda maarufu. Kila Ijumaa asubuhi hukosi mayai mawili matatu, siku nyingine na nazi. Njaa ya bweni mnaijua, maharage yenye wadudu wanaoelea. Mimi na wenzangu wawili tukawa tunadamka kabla ya kengele. Nazi tunavunja, sarafu tunanunulia chumvi, mayai tunakaanga kwenye kopo la mafuta ya kujipaka. Miaka miwili! Mikosi ya tarafa nzima imeishia tumboni mwangu.

Kisu Butu
Na ulifaulu?

Ukoko wa Pilau
Daraja la kwanza. Wenzangu pia. Aliyekataa kula ndiye alirudia mtihani.

Mama Chanja
Nimecheka hadi mteja kaniuliza kulikoni.

Dada Mkubwa
Mnacheka, na mimi nilikuwa nacheka pamoja nanyi hadi hapo kwenye kitambaa chekundu. Acha niandike, nisipoandika leo sitaandika tena.

Nilikuwa na miaka 11. Miguu ilikuwa inauma usiku kama mtu ananichoma sindano ndani ya mfupa. Inauma wiki, inaacha mwezi, inarudi. Zahanati wananipa dawa ya malaria, narudi nyumbani. Mama akachoka, akanipeleka Handeni. Elfu thelathini na jogoo.

Yai tulikwenda nalo wenyewe, mama alilifunga kwenye leso. Yule mganga alilipokea, akalifunika kwa kaniki yake, akaomba dua ndefu. Akanipitishia magotini na miundini, akibonyeza palepale panapouma. Halafu akaligonga kwenye ukingo wa bakuli la bati. Kikatoka kiini cheusi cheusi, nywele zimejisokota, na sindano imefungwa uzi mwekundu. Mama alipiga ukelele ambao sijausikia tena hadi siku tuliyomzika baba.

Mganga hakutaja jina. Aliuliza tu: "Kwenu nani anashona?"

Shangazi yangu alikuwa fundi cherehani. Mtaa mzima ulimjua kwa hilo. Ndiye aliyenilea mama alipokuwa kazini. Alikuja jioni na sahani ya maandazi, mama akamfungia mlango. Nilimwona kupitia upenyo wa dirisha, amesimama na ile sahani hadi maandazi yakapoa, kisha akaiweka kibarazani akaondoka. Mama aliyamwaga shimoni kwa kutumia fimbo.

Nilipofika miaka 17 nilizidiwa shuleni, nikapimwa damu. Selimundu. Daktari alinichorea: chembe za damu zinajikunja kama mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo, ndipo mfupa unalia. Akasema ugonjwa huu mtoto anaurithi kwa baba na mama, wote wawili. Mama alikuwa amekaa pembeni yangu. Hakusema neno.

Shangazi alikuwa ameshafariki, mwaka mmoja kabla.

Mama Chanja
Pole sana mdogo wangu.

Mpita Njia
Sikutegemea uzi ufike huku. Pole dada.

Mfugaji Mstaafu
Pole. Nimefuga kuku miaka mingi, naomba nieleze kidogo. Doa la damu ndani ya yai ni mshipa mdogo wa kuku uliopasuka yai likiwa bado linatengenezwa. Ute wenye ukungu ni dalili ya yai bichi la juzi tu. Viini viwili ni kuku kaharakisha. Yote haya nimesikia waganga wakiyasoma kama barua.

Sindano ni habari nyingine, hiyo haikutagwa. Gamba ni chokaa. Liloweke kwenye siki siku moja au mbili, linabaki ngozi laini, unapenyeza utakacho. Wengine wanatoboa tundu dogo wanaziba kwa nta.

Tunguri Kavu
Babu, kasema yai walikwenda nalo wenyewe.

Mfugaji Mstaafu
Na mimi nimesoma. Kaniki ile ilifunika nini?

Tunguri Kavu
Matapeli wapo kila kazi. Bibi yangu alipitishia watu yai maisha yake yote, hakumtaja mchawi hata mmoja. Alilipasua shimoni, akafukia, akakwambia nenda kaoge. Msitutie wote kapu moja.

Dada Mkubwa
Hapo nakuunga mkono. Kuuma ninakojua mimi kulianza na lile swali, si na yai.

Kijana wa Posta
Lile swali lina jina: ramli chonganishi. Serikali iliipiga marufuku Januari 2015 kutokana na mauaji ya watu wenye ualbino. Tiba asili yenyewe inatambuliwa tangu sheria ya 2002, mganga anatakiwa asajiliwe na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Ukienda, omba uone cheti.

Kisu Butu
Uende kwa mtu mwenye mkia wa nyumbu mkononi umwambie naomba cheti. Tupe mrejesho.

Mbeba Mabegi
Mimi nilisoma Meksiko. Pale Mexico City kuna soko linaitwa Mercado de Sonora, mama mmoja akanipangusa yai toka utosini, pamoja na fungu la majani yenye harufu kali, akalipasua kwenye glasi ya maji na kusoma vile vipovu. Wanaita limpia. Nilisafiri kuvuka bahari kumkuta bibi yangu anaongea Kihispania.

Mama Chanja
Na alikuona na nini?

Mbeba Mabegi
Wivu wa watu. Na kwamba nirudi Jumanne na hela.

Bint Ngoma
Dada Mkubwa, samahani kuuliza. Yule mganga alijuaje kama kwenu kuna anayeshona?

Dada Mkubwa
Nimejiuliza miaka. Juzi mama ndiye kanikumbusha. Tulipoingia tu, wakati mganga anapima tumbaku yake, alinishika upindo akasema: "Gauni zuri hili mwanangu, la dukani?" Nikajibu kwa maringo kabisa: hapana, kanishonea shangazi.

Bint Ngoma
Ya Rabi.

Ustadhi wa Mtaa
Mwombee dua shangazi, binti yangu. Wewe ulikuwa mtoto.

Jembe Butu
Turudi kwenye mada. Ukiyakuta njia panda unafanyaje? Mimi nafundishwa nivuke kwa mguu wa kushoto.

Kisu Butu
Wa kulia, halafu usigeuke nyuma.

Tunguri Kavu
Unayazunguka. Aliyeweka kaweka yake, wewe hayakuhusu.

Kijana wa Posta
Pita tu jamani, utachelewa kazini.

Mpita Njia
Nimerudi jioni hii kwa njia ileile. Kitambaa kipo, mayai hayapo, na ile mia mbili haipo.

Ukoko wa Pilau
Msinitazame mimi. Siku hizi daktari kanikataza viini.